Namna ya kuandika mazungumzo ya hadithi: mwongozo kutoka mwisho wa reli

Rasimu nyingi za hadithi fupi ninazopewa nisome hapa Kigoma zinaanza vizuri. Ziwa lipo, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo asubuhi kukiwa kweupe, harufu ya mawese ipo. Halafu wahusika wanafungua midomo na kila kitu kinaharibika. Mvuvi wa Katonga anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Bibi wa Ujiji anamweleza mumewe, aliyeishi naye tangu ujana, kwamba wana watoto sita.

Basi mwongozo huu unahusu mazungumzo peke yake. Uwe na rasimu mkononi, au angalau tukio moja lenye watu wawili. Mimi nitatumia tukio moja tangu mwanzo. Mama Rehema ni mchuuzi wa dagaa Kibirizi. Mwezi wa nne alimkopesha shemeji yake Hamisi, mdogo wa mumewe, shilingi laki tatu anunue nyavu. Mwaka ni 2024, na serikali imefunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Mama Rehema anakwenda kudai. Hawa wawili ni wa kubuni. Kufungwa kwa ziwa ni kweli, na kila mtu wa huku anakumbuka.

Hatua ya 1: Jua kila mmoja anataka nini, na nini hawezi kukisema

Chukua karatasi ya pembeni. Andika kwa kila mhusika anachokitaka ndani ya tukio hili (siyo maishani, leo hii) na neno ambalo haliwezi kutoka mdomoni mwake.

Mama Rehema anataka hela yake, kwa sababu binti yake anasoma bweni Tabora na shule zinakaribia kufunguliwa. Kuna nauli ya treni, kuna sabuni na madaftari. Lakini hawezi kusema "nipe hela yangu". Hamisi ni shemeji. Majirani wako ukutani. Na mumewe hajui kama kuna mkopo. Hamisi anataka muda, ila hawezi kusema "sina" mbele ya watoto wake.

Ukikuta wahusika wako wanaweza kusemezana kila kitu bila tatizo, huna tukio la mazungumzo. Liandike kwa sentensi moja ya usemi wa taarifa: Alimdai, akaahidiwa Jumamosi. Lile zoezi la shuleni la kubadili usemi halisi kuwa usemi wa taarifa wengi tulilichukia, na hakuna aliyetuambia kwamba ndicho kifaa chenyewe cha mwandishi. Kupatana bei ya bodaboda, kuelekezana njia, kuagana baada ya tukio kwisha: yote hayo peleka kwenye taarifa. Usemi halisi uuweke pale ambapo kuna kitu kimefichwa, au kitu kinabadilika wakati watu wanaongea.

Hatua ya 2: Andika rasimu chafu

Waache waseme yote. Usijizuie, maana huwezi kuficha kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiona. Itatoka hivi:

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, habari za hapa?"

"Nzuri shemeji, habari za nyumbani?"

"Nzuri. Hamisi, nimekuja kwa sababu ile laki tatu niliyokukopesha mwezi wa nne ili ununue nyavu hujanirudishia, na mwanangu Rehema anayesoma Tabora anatakiwa kurudi shule."

"Ni kweli shemeji, lakini kama unavyojua ziwa limefungwa tangu Mei 15 na litafunguliwa Agosti 15, kwa hiyo sina kipato."

"Nimesikitika sana kusikia hivyo," alisema kwa masikitiko.

Mbaya, lakini ina kila tunachohitaji. Usiifute.

Hatua ya 3: Winda "kama unavyojua"

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kalamu ya rangi nyingine na uzungushie kila habari ambayo msikilizaji ndani ya hadithi tayari anaijua. Hamisi anajua alikopa laki tatu. Anajua alinunua nyavu. Mama Rehema, anayeishi kwa dagaa, hahitaji kukumbushwa tarehe ya ziwa kufungwa. Hizo sentensi hazisemwi kwa mtu aliye mbele. Zinasemwa kwa msomaji, na msomaji anashtuka kwamba anasemeshwa kwa mlango wa nyuma. Wakati mwingine maneno yenyewe "kama unavyojua" hayapo, lakini roho yake ipo: "wewe kama kaka yangu mkubwa", "tangu baba yetu afariki miaka mitatu iliyopita". Hakuna anayemwambia kaka yake kwamba ni kaka yake, labda awe anamlaumu.

Nimesoma rasimu ambayo wapenzi wawili wanaagana bandarini, na kijana, badala ya kuaga, anamkumbusha mwenzake kwamba meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Yote ni kweli. Lakini nani anaaga namna hiyo?

Ukishazungushia, kila duara lina njia tatu. Ya kwanza, lifute. Mara nyingi msomaji hakulihitaji. Ya pili, lipeleke kwa msimulizi. Sentensi moja ya msimulizi, isemwe waziwazi bila aibu, inawatua wahusika mzigo wa maelezo. Ya tatu, mpe maelezo hayo mtu mwenye sababu yake ya kuyasema. Yule kijana wa Liemba angeweza kupona: mfanye ni mtu anayeogopa kuaga, anayejificha nyuma ya historia ya meli huku binti anasubiri neno moja tu kutoka kwake. Hapo tarehe zote nne zinakuwa woga, na msomaji atazisoma kwa hamu.

Hatua ya 4: Wape mikono kazi

Watu wachache sana hukaa wakatazamana na kuongea, hasa wakiwa na jambo zito. Mmoja anachambua dagaa, mwingine anashona nyavu. Ile kazi inampa mtu pa kuweka macho, na wewe inakupa namna ya kuonyesha kimya bila kuandika "kukawa kimya".

Ila ujue kazi yenyewe. Msomaji wa Kibirizi anakusoma kwa jicho kali. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwanga wa taa huwavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Ukimpeleka mhusika wako ziwani na taa zake usiku wa mwezi mpevu, akarudi na boti limejaa, umeshampoteza msomaji huyo kwa kurasa zote zinazofuata. Na ukilijua hilo linakufaa kupanga hadithi: siku za mbalamwezi wanaume wako nyumbani, na hapo ndipo madeni yanadaiwa na ndoa zinagombana. Halikadhalika dagaa waliokaushwa kwenye kichanja na waliokaushwa mchangani hawana bei moja, na mchuuzi anaweza kumtukana mwenzake kwa kuokota dagaa mmoja tu, kumweka mdomoni na kutema.

Sasa tuandike upya:

Laki tatu za Mama Rehema zilikuwa zimetandazwa chini ya mwembe, zimegeuka nyavu. Hamisi alikuwa amekaa katikati yake na sindano.

"Shikamoo shemeji! Karibu, karibu. Sele, mletee mama mkubwa kiti."

"Marahaba. Sikai sana."

Kiti kikaja. Mama Rehema akakaa ukingoni, akashika pindo la nyavu akaligeuza.

"Nyuzi nzuri hizi."

"Ngumu. Hazikatiki ovyo."

"Mbona unashona, na nyavu bado mpya?"

"Mikono ikikaa bure inasahau. Ziwa likifunguliwa tu, shemeji, mtu wa kwanza kumfuata ni wewe."

"Shule zinafunguliwa kabla ya ziwa."

Hamisi akakata uzi kwa meno. "Rehema hajambo?"

"Hajambo. Anamuulizia baba yake mdogo."

Angalia hela ilipo. Imetajwa na msimulizi mara moja, mwanzoni, na hakuna aliyeitaja kwa mdomo wake. Tarehe za ziwa zimekufa zote. Mama Rehema anaanza kwa kuisifu nyavu, na kila neno la sifa ni dai. Swali la kwa nini anashona nyavu mpya ni swali la polisi. Hamisi, akibanwa, anakimbilia salamu.

Hatua ya 5: Pima salamu

Waandishi wetu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanaandika salamu zote, kuanzia shikamoo hadi habari za mifugo, na ukurasa unaisha kabla hakijatokea kitu. Wa pili wamesoma mahali kwamba mazungumzo yaanze katikati, wakafuta salamu kabisa. Matokeo yake mtoto wa miaka kumi na tano anaingia nyumbani kwa babu yake na kuanza kuuliza maswali. Msomaji wa Kiswahili atadhani mtoto amekosa adabu na atasubiri aadhibiwe.

Mimi nashauri uandike salamu pale tu inapokwenda kombo. Ikienda kawaida, "wakasalimiana" inatosha. Msomaji wetu anasikia pengo kwenye salamu kuliko anavyosikia kelele. "Marahaba. Sikai sana": hakuna habari za hapa, hakuna watoto hawajambo. Pengo hilo linasema mgeni amekuja na lake. Na ile "Rehema hajambo?" iliyopaswa kuwa mwanzoni, ikichelewa ikaja mwishoni, inageuka pa kujificha.

Hatua ya 6: Hesabu majina ya kuitana

Rudi kwenye tukio uangalie nani anamwitaje nani. Hamisi anasema "shemeji" kila akipata nafasi. Mama Rehema hamwiti chochote, mpaka mstari wa mwisho ambapo anamtaja kwa mdomo wa mtoto: "baba yake mdogo". Amemkumbusha undugu bila kuomba.

Hiki ni kifaa ambacho Kiswahili kimetupa bure na tunakiacha kabatini. Mtu mmoja ana majina matano au sita kulingana na anayemwita na hali yake siku hiyo, na kuhama kutoka jina moja kwenda jingine ni tukio kamili. Tuseme kuna mkutano wa pili, Agosti imefika, boti zimerudi majini na hela haijaonekana. Mama Rehema akianza na "Baba Sele", anamsogeza mbali kidogo na kumkumbusha kwamba naye ni mzazi. Akisema "Hamisi", kamvua undugu. Akifika kwenye "wewe", hakuna haja ya kuandika kwamba alikasirika. Na kama baada ya yote hayo akirudi kwenye "shemeji", kwa sauti ya chini, msomaji ataogopa zaidi.

Fanya hivi: chora mstari chini ya kila jina la kuitana kwenye rasimu yako. Kama mhusika anaitwa jina lilelile tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kuna nafasi umeiruka. Na kama kila mstari una jina ("Ndiyo Juma", "Sawa Asha", "Lakini Juma"), punguza. Watu wawili wakiwa peke yao hawaitani kila sentensi.

Hatua ya 7: Ingiza lugha za watu kwa kipimo

Kigoma ina utajiri ambao mwandishi wa mahali pengine angeulilia. Kuna Kiha cha Kasulu na Kibondo, kuna Wamanyema wa Ujiji, kuna Warundi, kuna wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kalemie na Uvira na Kiswahili chao. Kishawishi ni kuandika matamshi ya kila mmoja herufi kwa herufi. Usifanye. Ukurasa unakuwa mgumu kusoma, na mhusika anageuka kichekesho. Watu wa huku tumechekwa vya kutosha.

Chagua alama moja au mbili kwa kila msemaji, uzirudie kwa uchache. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo aseme "batu" badala ya "watu" mara mbili kwenye tukio zima; sikio la msomaji litamalizia mengine. Mama wa Kasulu aingie sokoni na "Mwakeye!", na anayejibu ajulikane kwa jibu lake, msomaji wa Tanga ataelewa kwamba ni salamu bila wewe kuweka mabano. Mabano ya tafsiri katikati ya mazungumzo ni kama mchanga kwenye dagaa: kila ukitafuna unasikia. Ikiwa neno halieleweki kwa mahali lilipokaa, badilisha mahali, au tumia neno jingine. Hili ni muhimu zaidi kama una nia ya kupeleka kazi mbali. Muswada utakaoupeleka kwenye Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, huenda ukasomwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kasulu.

Umri nao una lugha yake. Kijana wa Mwanga anayeuza vocha haongei kama mzee aliyestaafu reli. Lakini maneno ya vijana yanazeeka haraka kuliko hadithi, kwa hiyo hata hapo chukua machache, na utofautishe zaidi kwa urefu wa sentensi na kwa namna mtu anavyojibu swali. Kuna anayejibu kwa swali, anayejibu jambo ambalo hakuulizwa, na anayesema "haya" akimaanisha hapana.

Hayo huyapati kwa kufikiri ukiwa chumbani. Nenda ukasikilize. Mwalo wa Kibirizi asubuhi boti za abiria zikipakia kwenda vijiji vya kaskazini ni darasa, lakini darasa kubwa kuliko yote ni treni ya Tabora. Daraja la tatu, watu wasiojuana, saa nyingi, na hakuna pa kwenda. Uvinza chumvi inaingia dirishani pamoja na ubishi wa bei. Ukifika Kaliua jirani yako ameshakusimulia talaka yake. Usitoe daftari mbele yake, na kurekodi watu kwa simu kisirisiri ni dhuluma. Sikiliza, kisha ukifika andika unachokumbuka: utakuta umekumbuka mkato wa sentensi, siyo siri yenyewe, na mkato ndio ulioufuata. Siri ya talaka muachie mwenyewe. Mkoa huu ni mdogo, watu watamtambua.

Hatua ya 8: Acha "alisema" ifanye kazi

"Alisema", "akasema", "akajibu", "akauliza". Zinatosha. "Alifoka kwa hasira", "alitamka kwa masikitiko", "alinena kwa bashasha" ni dalili kwamba maneno yenyewe hayajabeba hasira wala masikitiko. Yatengeneze maneno. Ikijulikana anayesema ni nani, hata "alisema" iondoe, kama tulivyofanya pale chini ya mwembe.

Hatua ya 9: Uakifishaji

Msemaji mpya, aya mpya, hata kama amesema neno moja. Tumia alama za kufungua na kufunga semi, au tumia kistari mwanzoni mwa usemi. Chagua kimoja ukibaki nacho hadithi nzima. Koma inayotangulia "alisema" ikae ndani ya alama za semi. Mhusika akikatizwa, weka kistari; akipotea katika mawazo, nukta tatu, na nukta tatu zisizidi mara moja kwa ukurasa. Alama ya mshangao moja inatosha siku zote.

Hatua ya 10: Wape watu wawili wasome

Soma kwa sauti mwenyewe kwanza. Sentensi ambayo inakukata pumzi, mhusika naye asingeifikisha mwisho. Kisha toa nakala mbili, mpe mmoja sehemu ya Mama Rehema na mwingine sehemu ya Hamisi, wasome bila kujiandaa. Wewe kaa kimya na kalamu. Weka alama kila msomaji anapojikwaa, anaporudia mstari, au anapobadilisha neno bila kujua. Lile alilolibadilisha mara nyingi ni bora kuliko lako, lichukue. Wakimaliza usiwaulize kama hadithi ni nzuri, watasema nzuri. Waulize Mama Rehema alikwenda kufanya nini, na kama Hamisi atalipa.

Wakijibu la kwanza bila kusita na wakabishana juu ya la pili, nenda kwenye tukio linalofuata. Wakikuuliza "kwani kulikuwa na deni?", umeficha mno, rudi hatua ya 3 umuongezee msimulizi nusu sentensi. Rasimu chafu ibaki kwenye faili, kwa sababu ukifika kwenye mkutano wa Agosti utaihitaji: kule mtu mmoja atalazimika kusema wazi kile kilichofichwa hapa, na maneno yake tayari umeshayaandika.